Ndoa Iliyofungwa Wakati wa Matangazo

Ilianza Alhamisi, tarehe ishirini na tano Disemba, saa kumi na dakika kumi na saba za alasiri. Najua kwa sababu niliikodolea macho saa ya ukutani nikiomba umeme ukatike. Umeme ambao wiki nzima ulikuwa ukikatika bila ya kuombwa na mtu, siku hiyo uliamua kuwa mwaminifu.

Tulikuwa wanne ukumbini kwetu, hapa Jadida, mjini Wete, Pemba. Bibi yangu mzaa baba alikaa mkekani akisuka ukili. Vidole vyake vinasuka vyenyewe, kwa hivyo macho yanabaki huru kufuatilia maisha ya watu. Mdogo wangu wa kike, miaka saba, alilala kifudifudi mbele ya televisheni, karibu kiasi cha kuweza kuilamba. Baba alikuwa kwenye kochi, jambo la nadra, maana baba hununua samaki Tumbe na kuwaleta sokoni Wete kwa pikapu, na samaki hawana sikukuu. Lakini wateja wake wakubwa ni watu wa maofisini, na watu wa maofisini walikuwa mapumzikoni, basi naye akajipumzisha. Mimi nilikuwa mlangoni mwa chumba, nusu ndani nusu nje, mahali pangu pa siku zote. Mimi ni mtu ambaye mwalimu akinitaja darasani najibu kwa kichwa.

Mama ndiye hakuwepo. Ana miaka miwili na miezi minne hayupo, na bado nikihesabu watu wa nyumbani huanza na watano halafu nikajisahihisha.

King'amuzi chetu kinashika stesheni tatu. Siku hiyo ya kwanza ilikuwa na hotuba, ya pili ilikuwa na marudio ya mpira ambao matokeo yake kila mtu aliyajua, na ya tatu ilikuwa na filamu ya Krismasi, kwa Kiingereza kitupu, bila hata maandishi chini. Bibi akachagua ya tatu kwa sababu ilikuwa na rangi.

"Weye uliyesoma," akaniambia, "tufasirie."

Hivi ndivyo nilivyopata kazi. Niko kidato cha tatu. Kiingereza nakisoma vizuri sana mradi asiwepo mtu wa kunisikia.

Filamu yenyewe ilikuwa hivi. Kuna mwanamme wa kizungu, shati lake la miraba, ndevu zake zimechongwa kama ua la michongoma. Kafiwa na mkewe. Ana mtoto mmoja wa kike ambaye analia machozi masafi, hayana kamasi. Wanakaa katika mji wa theluji ambao watu wake hawana kazi yoyote isipokuwa kutundika taa. Namna ya kufiwa kwao niliistaajabia. Nyumba safi, chakula kipo mezani, mfiwa kapiga pasi. Kwetu mama alipofariki baba alivaa kanzu moja siku tisa, na mimi nilikata nywele za mdogo wangu kwa mkasi wa kukatia samaki kwa sababu sikujua kuzisuka. Lakini sisi hatukuwa na taa za kutundika.

Basi siku moja gari ya mwanamke mmoja ikakwama kwenye theluji mbele ya nyumba ya huyo mfiwa. Akamkaribisha ndani. Asubuhi yake mwanamke yuko jikoni, kavaa soksi, anafungua makabati ya marehemu na kutoa sinia za marehemu, anaoka biskuti.

Ukili wa Bibi ukasimama.

"Nani huyu anayefungua makabati?"

Kweli ilikuwa nyepesi: ni mpita njia, hawajuani hata jina la baba, kalala humo. Niliiona kweli hiyo ikitoka mdomoni mwangu na kumfikia Bibi. Niliiona televisheni ikizimwa, na baada ya televisheni yakija maswali juu ya vitu tunavyofundishwa skuli. Nikaona haya kwa niaba ya watu wasiokuwa na haya yoyote wenyewe.

"Ni mdogo wa marehemu, Bibi."

"Ah." Ukili ukaendelea. "Kaja kulea."

"Ndiyo, kaja kulea."

Baba akageuza shingo akanitazama. Alinitazama kwa muda, mpaka nikadhani amekihurumia Kiingereza changu. Kisha akarudi kwenye theluji.

"Mbona hawafanani?" akauliza mdogo wangu, maana picha ya marehemu ilikuwa imetundikwa ukutani, juu ya meko yao ya kuotea moto, na marehemu alikuwa na nywele nyeusi na huyu ana nywele za rangi ya mahindi.

"Baba mmoja, mama mbalimbali," nikasema. Uongo wa kwanza huja na ukoo wake.

Kuanzia hapo kazi ikawa kubwa. Mtoto wa kwenye filamu akakaa chini kumwandikia barua yule mzee wao mwenye kanzu nyekundu na ndevu nyeupe, anayeingia nyumba za watu bila ya kubisha hodi. Bibi akataka kumjua.

"Huyo ni kama sheha wao," nikasema.

"Na barua ya nini?"

"Barua ya utambulisho."

Hilo Bibi alilielewa bila ya maelezo. Kwetu huwezi kupata hata laini ya simu bila ya barua ya sheha, sembuse mama wa kambo. "Sheha wao mtu mzima mwenye haiba," akasema. "Si kama huyu wetu, ukimtaka kenda shamba."

Kweli yenyewe, mtoto alikuwa anaomba aletewe mama mpya, na alikuwa anaomba kwa furaha, kama mtu anayeagiza viatu. Sentensi ile niliifahamu vizuri kuliko zote. Sikuifasiri.

Mwisho wa filamu mwanamke akaondoka na gari yake, mwanamme akakumbuka kwamba anampenda, akakimbia kwenye theluji bila ya koti, akamfikia. Wakakumbatiana, na zaidi ya kukumbatiana. Mdogo wangu akajifunika uso kwa vidole vilivyoachana.

"Astaghfirullahi," Bibi akasema. "Mbona wanakamatana? Shemeji si maharimu yake."

"Wameshaoana, Bibi."

"Lini?"

Nikatafuta. Dakika chache nyuma filamu ilikuwa imekatwa ikapita sabuni ya unga, dawa ya mbu na sabuni ya unga tena.

"Wakati wa matangazo," nikasema.

Bibi akatafakari. "Hawakuonesha hata walima," akasema, lakini hakuwa amekasirika. Ndoa imefungwa, basi. Mengine ni upungufu wa stesheni.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Filamu iliisha, majina yakapanda, kengele zikalia, na Bibi akauweka ukili chini. Bibi huuweka ukili chini kwa mambo mawili tu, sala na uamuzi, na alasiri alikuwa ameshasali.

"Mie hili nimelisema siku zote," akamwambia baba. Hakuwahi kulisema hata siku moja. "Hata hao wenzetu wa mbali wamelijua. Nke akifa, watoto hawapewi ntu baki. Mdogo wake yupo, damu moja, huruma ileile. Na sie tunaye wetu, mdogo wa marehemu, huko Kiuyu kwa wakwe zako, mzima wa afya, hajaposwa. Tunangoja nini?"

Huyu ni bibi ambaye daktari amemwambia mwaka wa tatu sasa apunguze chumvi, na mpaka leo anamwita daktari yule mtoto mdogo. Ushauri wa filamu ya Krismasi aliupokea kwa saa moja na nusu.

Nikamtazama baba. Nilingoja acheke. Nilikuwa na uhakika atacheka, kwa sababu baba alikuwa na mambo yake, na mambo yake nilikuwa nayajua. Lakini alinitazama mimi kwanza, tena vilevile kama alivyonitazama mara ya kwanza, kisha akamwambia mama yake, "Kama ndivyo mnavyoona, sina neno." Akatoka nje kwenda kuangalia mipira ya pikapu, ambayo haikuwa na ugonjwa wowote.

Kabla ya magharibi Bibi alikuwa ameshampigia simu bibi yangu wa Kiuyu, mzaa mama. Bibi anaamini simu inahitaji kusaidiwa kwa sauti, kwa hivyo Jadida nzima ilialikwa.

"Kesho asubuhi nakuja. Nina neno."

Mtu mzima akisafiri asubuhi kwenda kwa wakwe na neno, hajaenda kuzungumzia bei ya muhogo. Upande wa pili ukasema, "Karibu sana, bibiye, karibu," kwa sauti ambayo tayari ilikuwa imeshawasha moto na kuteleka.

Mambo ya baba ni haya, na nayaandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Tumbe, karibu na pale samaki wanaposhushwa, kuna mwanamke anayeuza barafu. Ana friza mbili barazani kwake, anagandisha maji kwenye mifuko na kuwauzia wachukuzi wa samaki. Tangu mwezi wa saba samaki wa baba wamekuwa wakifika Wete wagumu kama matofali. Mteja mmoja alimuuliza kama anauza samaki au anajenga. Hakuna mchukuzi Pemba nzima anayetumia barafu kiasi kile kwa changu na tasi.

Nilimwona mara moja tu, likizo hii hii, baba aliponichukua nimsaidie kupanga mabeseni. Gunia la barafu lilikuwa limeshajaa, limeshafungwa, limeshapakiwa, na baba bado yuko kwenye friza, anazungumza. Kisha akacheka. Nilikuwa nyuma ya gari na nilisikia tu sauti. Kwanza sikujua ni nani. Nilikuwa nimesahau kwamba baba ana kicheko, na nikamkasirikia sana yule mwanamke kwa kunikumbusha.

Kwa hivyo ninaposema nilifasiri uongo kwa sababu ya haya, nasema kweli, lakini si kweli yote. Baada ya ule uongo wa kwanza, kila Bibi alipokuwa akimsifu mdogo wa marehemu, mimi nilikuwa nikiongeza. Nilisema anawapenda sana watoto wa dada yake. Nilisema kaacha kila kitu chake kwa ajili yao. Hakuna aliyeniuliza hayo.

Baada ya magharibi mama mdogo akaniandikia kwenye simu. Mama mdogo ana miaka ishirini na tano, anafundisha watoto wadogo huko Kiuyu, na ni mtu pekee ninayezungumza naye kwa sentensi nzima, ingawa ni kwa kuandika.

Bibi yako anakuja kufanya nini huku?

Nikamtumia kile kikaragosi cha mtu anayeinua mabega.

Usinifanyie hivyo. Mama ameanza kusugua sufuria kubwa. Ile ya arusi.

Nikaiweka simu chini, ikatetema tena.

Ni mimi?

Ndiyo, nikaandika.

Alikaa muda mrefu akiandika na kufuta, akiandika na kufuta. Nilikuwa naona anavyoandika na kufuta. Kisha vikaja vipande vipande. Kwamba alikuwa hajamwambia mtu bado, lakini amepata nafasi ya chuo cha uuguzi Unguja, anatakiwa aripoti mwezi ujao. Kwamba alikuwa anatafuta siku nzuri ya kumwambia mama yake. Kwamba sasa siku nzuri haipo tena.

Basi kataa, nikaandika. Mimi, ninayejibu kwa kichwa, nikimfundisha mtu kukataa.

Nitakataaje? Nikisema sitaki nitaambiwa nimewakataa watoto wa dada yangu. Nitaambiwa sikumpenda. Baba yako namheshimu, nilikuwa nambebea maji ya kunawa arusini kwake. Nitamwita nani sasa?

Halafu akaandika: Na wewe unataka niwe mama yako?

Hapo nilizima simu, na nitaandika kwa nini. Kwa sababu mama mdogo ana mikono ya mama. Akimenya muhogo, ukitazama mikono tu usitazame juu, ni mama. Ana ile tabia ya kuvuta mtandio kwa kidole kimoja. Ningenyamaza tu. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote, nina kipaji chake. Ningenyamaza mpaka saa tatu asubuhi, Bibi akiwa ameshafika Kiuyu na neno lake, na mikono ile ingehamia nyumbani kwetu, na Tumbe ingebaki na barafu yake. Asingenilaumu mtu. Kwenye filamu mtoto alipata mama kwa kuandika barua. Mimi ningepata kwa kutofanya chochote, jambo ambalo ni nafuu zaidi.

Asubuhi ya Ijumaa nilikuwa nimeshaamka kabla ya adhana. Saa kumi na mbili na nusu Bibi alikuwa tayari kavaa buibui lake la arusini na hospitali, anatafuta kiatu cha pili. Baba alikuwa nje anapasha gari moto. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha Bibi mpaka akaniona.

"Sabalkheri, Bibi."

"Sabalkheri. Chai ipo?"

"Bibi, yule hakuwa mdogo wa marehemu."

"Yupi?"

"Wa kwenye filamu."

Akaacha kutafuta kiatu. "Alikuwa nani?"

"Mpita njia. Gari yake ilikwama."

"Na akalala kwa mwanamme?"

"Chumba cha juu."

"Na ndoa?"

"Haikuwepo, Bibi. Yalikuwa matangazo tu."

Bibi akakaa kitandani. Alinitazama kama anavyomtazama muuza vitunguu aliyechanganya vilivyooza. "Na yule sheha?"

"Si sheha."

"Kwa hivyo hata sheha si sheha," akasema polepole, na naapa hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimekesha nikijiandaa kwa maneno yale na nilikuwa nimeyasema, na kwenye filamu mtoto akisema kweli watu wote hulia na kukumbatiana. Bibi alikipata kiatu cha pili chini ya kitanda, akakivaa.

"Umenidanganya, na hilo tutalizungumza," akasema. "Lakini kwani mie naenda Kiuyu kwa sababu ya nzungu? Neno ni lilelile. Nipishe."

Sikumpisha. Si kwa ushujaa, miguu tu ilikataa kutoka.

"Mama mdogo kapata chuo," nikasema. "Cha uuguzi. Unguja. Hawezi kukwambieni hapana, kwa sababu yetu sisi. Atakubali na hataki."

"Nani kakwambia hataki?"

"Mwenyewe."

Bibi akapaza sauti. "Hebu njoo huku."

Baba akaja na ufunguo wa gari mkononi, na mdogo wangu nyuma yake na mswaki mdomoni, maana katika nyumba yetu hakuna jambo la watu wawili. Bibi akamweleza yote kwa mpangilio, mpita njia, chumba cha juu, ndoa hewa, sheha hewa. Baba hakushangaa hata kidogo.

"Mie nilifahamu filamu," akasema.

Baba alifanya kazi miaka minne jikoni mwa hoteli Unguja kabla sijazaliwa. Nalijua hilo maisha yangu yote. Sijui nilidhani kule alikuwa anazungumza na masufuria.

"Ulifahamu ukanyamaza?" Bibi akauliza.

Baba hakumjibu yeye, alinijibu mimi. "Ulivyosema mdogo wa marehemu, nilijua umetia mwenyewe. Nikasema, huyu mtoto hasemi kwa mdomo, sasa kapata pa kusemea. Miaka miwili sijui unataka nini. Nikajua ndio unachotaka. Ndipo nikakubali."

Sikulia. Nilikohoa kwa muda mrefu. Baba angemwoa mama mdogo, na mama mdogo angeolewa na baba, wote wawili hawataki, wote wawili kwa ajili yangu, na mimi ningewamiminia chai kila asubuhi.

"Basi unamtaka nani?" baba akauliza.

"Simtaki mtu," nikasema. "Nilikuwa namtaka mama."

Mdogo wangu alitoa mswaki mdomoni.

"Lakini mama mdogo aende chuo," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshatumia sauti ya mwaka mzima, nikaona bora niimalize. "Na wewe unaye mtu wako Tumbe."

Baba akautazama ufunguo wa gari kama ameuokota sasa hivi.

"Tumbe kuna nini?" Bibi akauliza.

"Kuna samaki," akasema mdogo wangu.

"Nyamaza weye. Kuna nini Tumbe?"

Ikambidi baba aseme. Alisema kwa tabu, akiangalia dirisha, mtu mzima wa miaka arubaini na mbili. Anauza barafu. Ndiyo, wa huko huko. Ndiyo, anasali. Kaachwa, hana mtoto.

"Kaachwa kwa kosa gani?"

"Mama."

"Nauliza. Si lazima niulize? Au hayo nayo yalipita wakati wa matangazo?" Kisha akanigeukia mimi. "Weye ushamuona?"

"Mara moja."

"Yukoje?"

Nilijua nimepewa nini. Bibi humwamini mtu mkimya, anadhani kimya ni akili. Ningesema tu, sijui Bibi, sikumpenda, na barafu ingeyeyuka palepale. Baba alikuwa ameacha dirisha, ananitazama. Hakuomba kitu. Laiti angeomba, ingekuwa rahisi kumnyima.

Nikakumbuka ile siku Tumbe. Mwanamke yule alipita nyuma ya gari akanikuta. Hakunishika kichwa. Hakusema maskini. Tangu mama afariki kila mwanamke mzima akiniona hunishika kichwa na kusema maskini, mpaka nimeanza kudhani ndilo jina langu. Huyu alisema, "We mrefu, njoo unishikie kifuniko hiki, kinaniangukia," nikamshikia, akatoa mifuko yake, akasema basi. Sauti yake kubwa, ya kuita watu ng'ambo. Kisha akanipa maji ya baridi, akaenda zake kuwagombeza wanaume wawili waliopanga foleni vibaya.

"Ana sauti kubwa," nikasema.

"Enhe."

"Anafanya kazi sana. Hakunionea huruma."

Bibi naye alifiwa na mume akiwa na watoto wanne, na hupenda kusema kwamba aliweza kuuvumilia msiba wake, waliomchosha ni waliokuja kumpa pole. Alivua kiatu kimoja, halafu cha pili, akavipanga sawa chini ya kitanda.

"Mie sijakubali kitu," akamwambia baba. "Nataka nijue ukoo wake mpaka babu wa tatu. Na gari izime, unaunguza mafuta."

Kisha akampigia simu bibi wa Kiuyu, kwa sauti ya kusaidia simu, akasema magoti yamemshika tangu alfajiri, hata kusimama hawezi, na lile neno lilikuwa la kawaida tu, kujuliana hali. Alisema hayo akiwa amesimama, anakunja buibui.

Nilirudi chumbani nikawasha simu. Ule ujumbe wa mama mdogo ulikuwa bado uko pale, haujajibiwa.

Haji tena, nikaandika. Magoti yanamuuma.

Yanamuuma kweli?

Yameanza asubuhi hii. Mwambie mama yako kuhusu chuo leo, wakati sufuria ni safi.

Akanitumia sauti, si maandishi. Sikuifungua, kwa sababu sauti yake nayo ni ya mama na nilikuwa na kazi za kufanya. Nikaenda jikoni nikateleka chai, nikatia tangawizi. Nikammiminia Bibi, nikammiminia mdogo wangu. Kikombe cha baba sikutia sukari, kwa makusudi, kwa ajili ya kile kicheko cha Tumbe, na baba hunywa vijiko vitatu. Nikampelekea. Nilisimama pale kumtazama. Akaonja, akanitazama, akainywa yote.